Maneno Yaliyokaa Mdomoni mwa Kinanda

Siku alipozikwa Kinanda, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya jeneza, akafunga kifungo cha koti, akamsamehe.

"Ndugu yetu alimkosea baba," alisema, "na hilo hakuna asiyelijua hapa. Lakini sisi ni watu wa Mungu. Kwa niaba ya ukoo mzima, tumemsamehe. Apumzike."

Watu wakaitikia amina. Dada yao kitinda mimba, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi, alikuwa amekaa mbele akiwa ameushika mkono wa mama yake. Alilelewa kanisani, na amina kwake hutoka kama pumzi, lakini siku hiyo haikutoka. Akabaki kukitazama kile kifungo. Kaka huyo alivaa suti harusini, msibani, sokoni, na hata siku ya kupaka chokaa ukuta wa uani. Ndiyo maana watu walimwita Suti, naye alilibeba jina hilo kama cheo.

Kosa lenyewe lilikuwa la miaka mingi. Wazazi walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, watoto waliwaandalia karamu, na jirani mmoja mwenye kamera akaipiga yote kwenye kanda ya video. Deki ya nyumbani ilikuwa imekwisha kufa, kwa hiyo Suti aliipeleka kanda studio ikahamishiwa kwenye DVD, kisha familia ikakusanyika sebuleni kujitazama. Masikio ya baba yao yalikuwa yamechoka, basi televisheni ikafunguliwa sauti mpaka vikombe vikalia kabatini. Ilipofika sehemu ya chakula, kamera iliwaonyesha ndugu wawili wamekaa bega kwa bega, Suti na Kinanda. Kinanda akafungua mdomo, na sauti ikatoka safi kabisa: "Mtazame mzee anavyotafuna. Huyu alishakufa zamani, sisi tu ndio tumechelewa kumzika."

Siku ya karamu mzee hakuwa ameyasikia hayo. Sebuleni aliyasikia. Aligeuka polepole akamtazama mwanawe wa pili.

"Baba, mimi sikusema," Kinanda alisema.

"Nimekuona."

"Baba, wallahi si mimi."

"Mimi ni kiziwi, sikatai. Bado sijapofuka."

Na masikio yasingemsaidia Kinanda, maana sauti za ndugu hao wawili zilikuwa moja. Mmoja wao akipiga simu, mama mwenyewe ilimbidi aulize, "Wewe ni yupi?" Masikio yalikuwa na shaka, macho hayakuwa nayo, na watu wakayaamini macho. Suti alikuwepo pale sebuleni. Alikuwa akiangalia ncha za viatu vyake.

Kuanzia hapo Kinanda hakukanyaga tena kwa baba yake. Jumapili alikaa kwenye kinanda cha kwaya kama kawaida, maana hiyo ndiyo kazi aliyojua na ndiyo iliyompa jina, na baba yake alikaa benchi la mbele akitazama dirisha mpaka wimbo uishe. Mzee alipofariki, Kinanda aliomba apige wimbo mmoja tu mazishini. Suti akamjibu mbele ya wapishi: "Ulishamzika akiwa hai. Unataka kumpigia nini tena?"

Shangazi aliwahi kumuuliza Kinanda, wakiwa wawili tu wanaosha vyombo nyumbani kwake. "Kaka, niambie ukweli. Ulisema?"

Kinanda alisugua sufuria muda mrefu. "Mdogo wangu, hata mimi nimejiona kwenye ile video. Mdomo ni wangu. Siku hizi naungama kila Jumapili kosa nisilolikumbuka, isije ikawa nililitenda kweli."

Alikufa kwa kifua, akiwa bado anaungama.

Mwaka ulipokaribia kutimia, familia ilipanga ibada ya kumbukumbu nyumbani kwa mama, na Shangazi akasema yeye atatengeneza DVD mpya. Kazi hiyo alikuwa ameishika vizuri. Alikuwa na kiduka mkabala na hospitali, cha kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za maombi ya kazi, na dirishani alikuwa amebandika karatasi: TUNAHAMISHA KANDA ZENU ZA ZAMANI. Deki alikuwa ameinunua kwa fundi redio mmoja aliyestaafu, na ilikuwa nzima kuliko fundi mwenyewe. Watu walimletea harusi za wazazi wao, ubatizo, mahafali, naye aliziingiza kwenye kompyuta na kuzichoma kwenye diski.

Kanda ya karamu ilikuwa imekaa kabatini kwa mama ndani ya mfuko wa plastiki, haijaguswa tangu irudi kutoka studio. Shangazi aliichukua kwa sababu moja tu. Mwanzoni mwake Kinanda anapiga kinanda wazazi wakiingia ukumbini, na mwishoni anapiga wimbo wa kufunga. Ile sehemu ya meza alikusudia kuiruka. Hakutaka hata kuiona.

Aliiacha kanda ijiingize kwenye kompyuta huku yeye akihudumia wateja. Alipokaa kuitazama, mwanzo ulikuwa mzuri. Kidole kinashuka, noti inalia. Lakini kadiri picha ilivyokwenda, sauti ilianza kuburuta miguu. Kwenye wimbo wa kufunga, Kinanda alikuwa amekwisha kuondoa mikono na anajifuta jasho, na kinanda bado kinalia.

"Mama, huyo bwana anapiga kwa kutumia nini?" aliuliza mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri kopi za mitihani. "Mikono iko kwenye leso, wimbo unaendelea."

"Ana wasaidizi, mwalimu. Hawaonekani."

Walicheka wote wawili, kisha Shangazi akaona uchungu. Marehemu aliwahi kuisimamisha kwaya nzima katikati ya ibada kwa sababu mtu mmoja wa sauti ya nne alipiga kofi mapema. Mtu wa namna hiyo hawezi kukumbukwa kwa video ambayo mikono yake na wimbo wake havijuani. Akaapa hatachoma diski mpaka kila kidole kikutane na noti yake.

Kwanza alifanya kama wafanyavyo wengi. Aliishika sauti yote, akaivuta mbele mpaka wimbo wa kufunga ukakaa sawa. Aliporudi mwanzoni, mambo yalikuwa yamegeuka: wimbo ulianza Kinanda akiwa bado anavuta kiti. Hapo akaelewa kwamba sauti haikuchelewa mara moja. Ilichelewa kidogokidogo, na lazima kulikuwa na mahali ilipoanza kuachwa.

Aliitoa kanda, akaichungulia kwenye mwanga. Utepe ulikuwa na makunyanzi mahali kadhaa, kama shati lililokaliwa. Video ni picha nyingi zinazokimbizana, na deki ikifika kwenye kunyanzi, kompyuta hushindwa kuzishika baadhi ya picha, ikaziruka. Sauti hairuki, inakwenda mwendo wake. Basi kila kunyanzi likipita, picha inatangulia hatua, na sauti inabaki nyuma inaita, ningojeni. Dawa yake ni kuikata sauti kwenye kila kunyanzi na kukisogeza kila kipande mpaka kikutane na picha yake. Unatafuta kitu kinachoonekana na kusikika papo hapo, kofi, kijiko kwenye glasi, mlango ukifungwa, na hicho ndicho kinachokuwa msumari wako.

Alifanya hivyo, kipande baada ya kipande, kati ya picha za pasipoti na barua za maombi. Vigelegele vikawakuta wanawake waliovipiga. Kisu kikaikuta keki. Kunyanzi kubwa kuliko yote lilikuwa kabla tu ya chakula, na ili afike kwenye wimbo wa kufunga, ilibidi alipite hilo. Hakuwa na njia ya kuikwepa meza.

Msumari aliuona haraka. Mpishi anapita nyuma ya meza, mfuniko wa sufuria unamponyoka, unaanguka. Kwenye video mfuniko ulikuwa umekwisha kuokotwa ndipo ukalia. Shangazi akakata, akasogeza, akasogeza tena, mpaka mfuniko ukagusa sakafu na kulia kwa pamoja. Akabonyeza ili asikilize.

Sauti ile aliyoijua ikasema, "Mtazame mzee anavyotafuna."

Mdomo uliokuwa ukicheza ulikuwa wa Suti. Ameinama kidogo, kitambaa cha mezani kimeshikwa karibu na kidevu, tabasamu liko upande mmoja. Alisema yote mpaka neno la mwisho, akajipangusa midomo. Kinanda, aliyekuwa akihangaika na mfupa, hakuwa hata amemsikia. Ndipo akainua uso, akafungua mdomo wake, na sauti ikasema: "Kaka, nisogezee maji."

Shangazi alirudisha. Akatazama. Akarudisha. Akaichomoa kwenye droo DVD ya zamani ya studio, aliyokuwa ameichukua pamoja na kanda, akaiweka: mfuniko umeokotwa, ndipo unalia. Studio ile ilikuwa imepita kwenye makunyanzi yaleyale. Sauti ilikuwa imechelewa kiasi cha kuyahamisha maneno kutoka mdomo mmoja hadi mdomo wa jirani yake, na lile ombi la maji likaangukia kwenye picha ya watoto wanaogombania soda, ambapo hakuna aliyejali nani kalisema.

"Mama," alisema yule mwalimu, aliyekuwa amerudi na mitihani mingine, "karatasi zimekwama."

"Naziona," Shangazi alijibu, na hakuinuka.

Hakulia. Alikuwa amelia mwaka mzima, na machozi yalipotakiwa kuja, kilikuja kitu kingine, kigumu, kikakaa ndani yake kama jiwe lililotoka motoni. Alimkumbuka Kinanda na sufuria lake. Akakumbuka kifungo cha koti. Akashika simu ampigie Suti, akaiweka. Kwenye simu angekana. Angesema kompyuta hudanganya. Kisha angevaa suti na kumsamehe na yeye. Hapana. Walioitikia amina ndio watakaoona, wote, wakiwa wamekaa vilevile.

Kabla ya siku yenyewe alikwenda kwa mchungaji, maana alimwogopa Mungu, na alitaka kujua kama lile jiwe ni dhambi.

"Binti yangu, kusema kweli si dhambi," mchungaji alisema. "Lakini jiulize. Unataka apone, au unataka aumie?"

"Aumie kwanza. Kupona atajipangia mwenyewe."

Mchungaji akakuna kidevu. "Na mama yako je? Jiwe ukilirusha ndani ya nyumba, halichagui kichwa."

Shangazi alilifikiri neno hilo njia nzima. Mama alikuwa amemfungia mwanawe mlango kwa kumtii mumewe. Akijua, atajua pia alimfungia nani. Lakini Shangazi akaona kwamba mama akiachwa asijue, atakufa akidhani alizaa mtoto mwenye ulimi wa nyoka, naye Kinanda atabaki amesamehewa kosa la mtu mwingine mpaka siku ya kiama. Hilo lilikuwa zito zaidi. Siku ya ibada aliibeba DVD, na kwenye kikapu, chini ya kanga, akaibeba deki na kanda yenyewe.

Sebule ilijaa. Walikuja wajomba na binamu, kwaya na majirani wa zamani. Baada ya sala Suti alisimama, akafunga kifungo. Akasema wakati ni daktari, akasema ukoo umesonga mbele, na kwamba yeye binafsi hana kinyongo tena na marehemu.

"Asante, kaka," Shangazi alisema. "Kaa basi tumtazame."

Mwanzoni watu walicheka. Walizicheka nywele zao, mabega ya magauni, mjomba aliyekuwa mwembamba. Kinanda alipoanza kupiga, mama mmoja wa kwaya, wa sauti ya pili, akasema taratibu, "Ona vidole vyake." Ikaja keki. Likaja kunyanzi, picha ikayumba. Mfuniko ukaanguka, ukalia. Na Suti, mbele ya watu wote waliomwitikia, akainama kwenye kioo cha televisheni na kumzika baba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha Kinanda akaomba maji.

Wa kwanza kusema alikuwa Suti, tena kwa kicheko.

"Kompyuta hizi," alisema. "Siku hizi zinamwimbisha hata mbuzi. Dada yangu, kazi yako nzuri, lakini msibani hatutanii."

"Nilijua utasema hivyo, kaka." Alifunua kanga, akatoa deki, akaichomeka kwenye televisheni. "Hii haina kompyuta. Hii ndiyo kanda iliyotoka kwenye kamera ya jirani, na jirani yule pale. Ilikuwa kabatini kwa mama miaka yote. Ilikosa tu mahali pa kuchezea."

Jirani mzee akaichukua kanda, akaitazama lebo, akasema mwandiko ni wake. Deki ikameza. Picha ilikuja na michirizi, lakini mdomo na neno vilikwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Suti akasema. Kinanda akaomba maji. Safari hii hakuna aliyecheka, na Suti alikuwa ameanza tena kuangalia ncha za viatu.

"Rudisha," mama alisema.

Shangazi akarudisha.

"Tena."

Mama hakuwa akimtazama Suti, wala wa kwenye kioo wala wa kwenye kiti. "Alikuwa anaomba maji," alisema. Akainuka bila kusaidiwa, akaingia chumbani, akafunga mlango, na wote wakausikia ufunguo.

Shangazi alikuwa ameutamani ule uso wa Suti, ulivyosinyaa kama puto la juzi, na alipoupata aliufurahia. Asingedanganya mbele za Mungu. Lakini mchungaji alikuwa amesema kweli kuhusu vichwa. Alikaa nje ya mlango wa mama mpaka watu wakaondoka, na mama alipoufungua alisema tu, "Umechelewa, mwanangu. Lakini sikulaumu wewe."

Baada ya siku chache Suti alikuja dukani. Alingoja mteja atoke.

"Nasikia unatengeneza kopi za ukoo mzima."

"Waliagiza."

"Kata pale. Pale tu. Nina watoto, dada. Nina wakwe."

"Na Kinanda hakuwa na watoto?"

Suti akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za pasipoti, mbele ya pazia jeupe. "Ilikuwa utani. Utani mbaya, nakubali. Baba alipogeuka siku ile, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mimi. Halafu nikaona anamtazama yeye." Akafungua kifungo cha koti. "Nikamshukuru Mungu. Nakuambia kweli, nilimshukuru Mungu."

"Na kaburini, ulipomsamehe?"

"Kufikia hapo nilikuwa nimeshaamini ni yeye."

Shangazi akahisi lile jiwe linapata moto upya. Angeweza kumfukuza. Badala yake alisema, "Nitakata. Lakini kwanza utapita kila nyumba iliyokuwepo mazishini. Utasema kwa mdomo wako. Na utasema umesimama, kama ulivyosimama kumsamehe."

"Kila nyumba?"

"Koti unaweza kuvaa."

Akaanza. Habari zilimfikia Shangazi kwa simu, akiwa anaunga karatasi kwa stepla.

"Shangazi, amefika kwetu. Amesema."

"Amekaa au amesimama?"

"Alikuwa amekaa. Tulimkaribisha kiti, si unajua ni mkubwa."

"Basi hajasema. Mwambieni arudi."

Alirudi. Nyumba moja alirudi mara mbili, maana mara ya kwanza alisema "yaliyotokea" badala ya "niliyosema". Wapo waliomhurumia, wakamwambia Shangazi inatosha, damu ni nzito kuliko maji. Akawajibu kwamba damu ya Kinanda nayo ilikuwa nzito vilevile, na hawakuihurumia. Usiku aliposali alifika kwenye maneno ya kusamehe akayaruka, akamwambia Mungu atayarudia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama. Shangazi alikuwepo, na mfuko wa diski za ukoo miguuni, bado hazijagawiwa, tayari kurudi dukani kukata na kuchoma nyingine kama alivyoahidi. Suti aliingia, akabaki wima katikati ya sebule. Alisema yote, neno kwa neno, yale ya mezani, kisha ya mazishi ya baba, kisha ya mazishi ya Kinanda. Sauti ilikuwa ileile ya ndugu wawili, na mama alifumba macho akimsikiliza.

"Nimekusikia," mama alisema alipomaliza. "Wewe ni mwanangu. Kaa."

Suti akakaa, akashusha pumzi, akamgeukia Shangazi. "Nimemaliza, dada. Sasa kata."

Shangazi akainama kuuchukua mfuko. Mama akanyoosha mkono, akauweka juu ya mfuko.

"Mnakata nini?"

"Pale mezani, mama," Suti alisema. "Tumekubaliana. Ni aibu kwa wajukuu."

"Kanda nzima nimeitazama," mama alisema. "Anapiga kinanda, anakula, anajifuta jasho. Hasemi neno hata moja, isipokuwa pale. Pale tu ndipo ninapomsikia mwanangu. Hamkati kitu."

"Mama, lakini yale maneno yangu yako palepale—"

"Yako palepale. Utayavumilia, kama yeye alivyoyavumilia."

Suti alimtazama dada yake, akitafuta msaada. Shangazi alikuwa ameahidi kweli, lakini mwenye kanda alikuwa amesema. Akachagua diski moja kutoka kwenye mfuko, akaipangusa kwa upande wa kanga, na kumkabidhi kaka yake nakala ya nyumbani kwake.